Usomaji wa Likizo na Kivuko cha Shule ya Kati: Sura Moja ya Historia ya Kiswahili Nchini Kenya

1. Utangulizi

Historia ya Kiswahili katika shule za Kenya imeandikwa mara nyingi, na karibu kila mara imeandikwa kama historia ya tume, ripoti na mitihani. Msomaji wa historia hiyo huelezwa ni lugha gani iliyotumiwa kufundishia katika darasa gani, ni mwaka gani somo lilifanywa la lazima, na ni nani aliyependekeza nini. Mambo hayo ni muhimu, na makala haya hayana budi kuyarejelea. Hata hivyo, lipo swali ambalo historia hiyo hulipita kando: mtoto aliyekwisha kujua kusoma alisoma nini shule ilipofungwa?

Swali hili lina uzito hasa kwa mtoto wa umri wa kati ya miaka 10 na 13, yaani yule anayeondoka katika madarasa ya mwanzo na kukaribia ngazi ya kati ya elimu. Mtoto wa umri huo amekwisha kuvuka kazi ya kutambua herufi na kuunganisha silabi, lakini bado hajawa msomaji wa riwaya za watu wazima. Yuko kivukoni. Akipata vitabu vinavyomfaa, kusoma kunakuwa mazoea yake. Akivikosa, kusoma kunabaki kuwa kazi ya darasani, na kazi ya darasani huisha kengele inapolia.

Nchini Marekani jambo hili limeshughulikiwa kwa muda mrefu, kwa kuwa kalenda ya shule za huko ina likizo ndefu ya kiangazi. Maktaba za umma za miji kadhaa zilianza mipango ya usomaji wa kiangazi kwa watoto tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mwaka 1978 mtaalamu wa elimujamii Barbara Heyns alichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa darasa la 6 na la 7 katika mji wa Atlanta. Alionyesha kwamba tofauti ya maendeleo kati ya watoto wa matajiri na watoto wa maskini hupanuka zaidi wakati wa likizo kuliko wakati wa masomo, na kwamba miongoni mwa shughuli zote za kiangazi, kusoma vitabu ndiko kulikoambatana kwa uthabiti na maendeleo ya mtoto, awe wa tabaka lolote. Aliona pia kwamba ukaribu wa maktaba na nyumbani ulikuwa na athari yake.

Kenya haina kiangazi cha namna hiyo. Mwaka wa shule una mihula mitatu na likizo tatu, na iliyo ndefu zaidi huangukia mwisho wa mwaka. Lakini ni katika likizo hiyo ya mwisho wa mwaka ndipo mtoto huvuka kutoka ngazi moja ya elimu hadi nyingine. Makala haya yanakusudia kufuatilia, kwa muhtasari, ni vitabu gani vya Kiswahili vilivyopatikana kwa mtoto huyo katika vipindi mbalimbali, na kwa sababu gani vilipatikana au vilikosekana.

2. Kusoma nje ya darasa kabla ya utawala wa kikoloni

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba usomaji wa nyumbani haukuletwa pwani ya Afrika Mashariki na shule za kizungu. Chuoni mtoto alijifunza herufi za Kiarabu kwa ajili ya kusoma Kurani, na kwa herufi hizo hizo Kiswahili kiliandikwa na kusomwa. Tendi zilinakiliwa kwa mkono, zikahifadhiwa majumbani, zikasomwa kwa sauti mbele ya jamaa. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ulikuwa usia wa mama kwa binti yake aliyekuwa akielekea utu uzima. Kwa lugha ya siku hizi ungeweza kuitwa kitabu cha mtoto aliye kivukoni: ulimkusudia msomaji wa umri maalumu, ulimzungumzia mambo ya maisha yatakayomkabili, na ulisomwa nyumbani.

Bara, nafasi hiyo ilishikwa na hadithi za jioni katika lugha za wenyeji. Zilikuwa na wakati wake, na zilikuwa na ngazi zake: ngano za wanyama kwa wadogo, visa vya mashujaa na mafumbo magumu kwa wakubwa. Hivyo, tofauti kati ya pwani na bara haikuwa kwamba upande mmoja ulikuwa na fasihi na mwingine haukuwa nayo. Tofauti ilikuwa ya chombo: mmoja ulikuwa na hati, mwingine ulikuwa na masimulizi. Pande zote mbili mtoto alipewa kitu cha kumvusha.

Masimulizi ya pwani yaliingia katika chapa za herufi za Kirumi mapema. Edward Steere alichapisha mkusanyo wa hadithi alizozipata Unguja mwaka 1870. Lakini chapa hizo za mwanzo zilikusudiwa zaidi wamisionari na wageni waliojifunza lugha. Mtoto wa Kiafrika alizikuta shuleni, kama zoezi la kusoma, na hakuzikuta kama mali yake.

3. Tafsiri za miaka ya 1920 na 1930

Hatua kubwa ya pili ilitokana na haja ya serikali za kikoloni kuwa na lugha moja ya maandishi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Kamati ilipewa jukumu la kusanifisha tahajia na msamiati, na pia la kuvipitia na kuviidhinisha vitabu vya shule.

Kazi ya usanifishaji ilihitaji maandishi ya kusomwa, na maandishi hayo yalikuwa machache. Njia fupi ilikuwa kutafsiri. Katika miaka ya 1920 na 1930 zilitokea *Kisiwa chenye Hazina*, *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, *Safari za Gulliver*, *Hadithi ya Allan Quatermain* na sehemu za *Alfu Lela Ulela*. Johnson mwenyewe alihusika na nyingi kati ya tafsiri hizo.

Wahakiki wameziandama tafsiri hizi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya maudhui. Kitabu cha R. L. Stevenson cha 1883 na kile cha Rider Haggard cha 1885 viliandikwa kwa ajili ya vijana wa Kiingereza wa enzi ya dola. Katika kitabu cha Haggard, Mwafrika ni msaidizi, mchukuzi au mtu wa kuogopwa, na utajiri wa nchi yake ni zawadi inayomngojea mgeni. Mtoto wa Kiafrika aliyekisoma alilazimika kujitenga na watu wa rangi yake ili aweze kufurahia ushindi wa shujaa. Sababu ya pili ni ya lugha: Kiswahili cha tafsiri hizo kilikuwa safi kwa tahajia, lakini mara nyingine kilikosa mapigo ya mazungumzo ya wenyeji wa lugha.

Hoja hizo zote ni za kweli. Hata hivyo, zinaficha jambo ambalo mwanahistoria wa usomaji hawezi kulipuuza. Tafsiri hizi zilipendwa, nazo zilipendwa kwa sababu zilikuwa hadithi ndefu zenye mwendo, zilizoandikwa kwa kumlenga msomaji wa miaka 12 hivi. Zilikuwa na safari, hatari, ramani, siri na mtoto au kijana ndani yake. Kwa bahati, wala si kwa mpango wa elimu ya Mwafrika, mtoto wa kivukoni alipata kitabu cha kiasi chake. Kosa la kihistoria halikuwa katika kumpa mtoto hadithi za safari na hatari. Lilikuwa katika kumpa hadithi hizo kutoka upande mmoja tu wa dunia.

Kitabu kimoja cha kipindi hicho kinastahili kutajwa peke yake. *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela kilichapishwa mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtu wa Freretown, Mombasa, na baba yake alikuwa miongoni mwa waliookolewa utumwani. Msimamo wa kitabu juu ya Waingereza umelaumiwa kwa haki, kwa kuwa unawasifu kupita kiasi. Lakini ni simulizi la Mwafrika, juu ya familia na mji wake, kwa Kiswahili chepesi kinachofuatana vizuri. Kilithibitisha mapema kwamba hakukuwa na haja ya kusubiri tafsiri. Jambo la kusikitisha ni kwamba mfano wake haukufuatwa upesi.

4. Shule za kati na lugha iliyoachwa mlangoni

Neno «shule ya kati» si geni katika Afrika Mashariki. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Tanganyika ilipanga elimu ya Waafrika katika ngazi tatu, na shule za kati zilishika darasa la 5 hadi la 8. Nchini Kenya, ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 ilileta mpango wa miaka 4 ya msingi, 4 ya kati na 4 ya sekondari. Mwisho wa darasa la 4 kulikuwa na mtihani wa mchujo, na ni sehemu ndogo tu ya watoto waliopita.

Mpango huo uliwagawa watoto katika makundi mawili, na kila kundi liligusana na Kiswahili kwa namna yake. Wale waliofaulu waliingia shule ya kati, mahali ambapo Kiingereza kilizidi kupanda cheo darasa kwa darasa mpaka kikawa lugha ya kufundishia. Wale walioshindwa, ambao ndio waliokuwa wengi, walirudi nyumbani na uwezo wa kusoma lugha ya mama na, katika sehemu nyingi, Kiswahili kidogo. Kwa hiyo ngazi ya kati ilikuwa kivuko kwa maana mbili: kivuko cha umri na kivuko cha lugha. Aliyevuka alitakiwa kuiacha lugha moja mlangoni kama mtu anayevua viatu.

Ripoti ya ujumbe ulioongozwa na Binns mwaka 1952 iliutia nguvu mwelekeo huo nchini Kenya, ilipopendekeza Kiswahili kisifundishwe mahali ambapo si lugha ya mama. Baadaye, kuanzia mwaka 1957, Mbinu Mpya ya Msingi ilianza kutumia Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwanza katika shule za watoto wenye asili ya Kiasia jijini Nairobi na kisha katika shule za Waafrika.

Na vitabu je? Mwaka 1948 liliundwa Shirika la Uchapishaji wa Vitabu la Afrika Mashariki, yaani East African Literature Bureau, chini ya uongozi wa Charles Richards, kufuatia ripoti ya Elspeth Huxley. Shirika hilo lilichapisha vitabu vya Kiswahili na vya lugha nyingine za eneo hili, lilisaidia waandishi wapya, na lilianzisha huduma ya maktaba, ikiwemo ya kupeleka vitabu katika masanduku na kwa njia ya posta. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na chombo kilichomfikiria msomaji wa Kiafrika nje ya darasa. Mashindano yake ya kutunga hadithi ya mwaka 1957 na 1958 yalimwibua Muhammad Said Abdulla wa Unguja, ambaye *Mzimu wa Watu wa Kale* kilichapishwa mwaka 1960. Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla, hupata ushindi kwa kufikiri. Hachimbi dhahabu ya watu wala hapigi mtu risasi. Hapa palikuwa na hadithi ya siri na hatari iliyotungwa na Mswahili, katika mazingira ya Waswahili, kwa lugha isiyohitaji kuombewa radhi.

Lakini shirika lilimkusudia zaidi mtu mzima aliyejua kusoma karibuni: mkulima, mama wa nyumbani, karani. Mtoto wa shule ya kati aliokota katika kapu hilo kile alichoweza. Shaaban Robert naye, ambaye *Kusadikika* kilitoka mwaka 1951 na *Adili na Nduguze* mwaka 1952, alisomwa na vijana wa shule, na *Adili na Nduguze* hasa kina mwendo wa hekaya unaoweza kumvuta mtoto. Lakini mafumbo ya *Kusadikika* yalihitaji mwalimu wa kuyafungua. Kitabu kinachohitaji mwalimu si kitabu cha likizo.

5. Baada ya uhuru

Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na wakati huo huo ikapendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi. Muundo wa elimu ulibadilishwa: ngazi ya kati ilifutwa, na shule ya msingi ikawa ya miaka 7. Kiswahili kilikuwa somo, lakini hakikutahiniwa mwishoni mwa shule ya msingi. Matokeo yake yanajulikana kwa kila aliyefundisha wakati huo: vipindi vya Kiswahili katika madarasa ya juu viligeuzwa kuwa vya hesabu na Kiingereza.

Tanzania ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule yote ya msingi, na kampeni za kisomo cha watu wazima zikaongeza idadi ya wasomaji. Jambo la kuzingatia ni kwamba hata huko, penye sera iliyo kinyume na ya Kenya, vitabu vya kusomwa kwa hiari na watoto wa umri wa kati havikufurika. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa mwaka 1991, na kuanzishwa kwake ni ushahidi wa upungufu uliokuwepo. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba tatizo la Kenya lilitokana na sera ya lugha peke yake. Sera ya lugha humpa mtoto uwezo wa kusoma. Hamna sera ya lugha inayomwandikia hadithi.

Katika Kenya ya miaka ya 1960 na 1970 mashirika ya uchapishaji yaliongezeka. East African Publishing House lilianzishwa mwaka 1965 na Jomo Kenyatta Foundation mwaka 1966. Yalitokea maandishi mazuri ya Kiswahili, lakini soko liligawanyika katika sehemu mbili: vitabu vya kiada kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili riwaya, tamthilia na diwani zilizotazamia kuteuliwa kwa mitihani ya sekondari. Kwa upande wa Kiingereza, mtoto wa miaka 11 au 12 alikuwa na visa vya Moses vya Barbara Kimenye, vilivyoanza kutoka katika miaka ya mwisho ya 1960: kijana mtundu wa shule ya bweni, matata, kicheko, na kitabu kingine cha kufuatia baada ya kimoja kwisha. Kwa upande wa Kiswahili hapakutokea mfululizo ulioishika nafasi hiyo katika mioyo ya watoto wa Kenya kwa kiasi hicho. Mtoto alijifunza, bila ya kuambiwa na mtu, kwamba Kiingereza ni lugha ya kuchekea kitabuni na Kiswahili ni lugha ya kujibia maswali.

Mwaka 1982 Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa *Njamba Nene na Mbaathĩ ĩ Mathagu* kwa Gĩkũyũ. Lililo muhimu hapa ni kwamba mwandishi mkubwa wa riwaya aliona inafaa kumwandikia mtoto, katika lugha ya Kiafrika, hadithi ya safari na hatari ambayo shujaa wake ni mtoto maskini anayeheshimu lugha yake. Kwa maneno mengine, alilijibu swali la *Mashimo ya Mfalme Sulemani* kwa kutumia umbo lile lile la hadithi ya safari. Jibu hilo halijapata wafuasi wa kutosha katika Kiswahili.

6. Mfumo wa 8-4-4 na ushindi wenye gharama

Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 na ile ya Mackay ya mwaka 1981 zilikiinua Kiswahili. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, somo hilo lilikuwa la lazima, na lilitahiniwa katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Huo ulikuwa ushindi mkubwa wa walimu na wataalamu wa Kiswahili, na hapana shaka ulikiokoa Kiswahili katika madarasa ya juu. Vipindi vilirudi, walimu walitafutwa, vitabu vilichapishwa.

Lakini ushindi huo ulikuwa na gharama yake. Mtihani ulichagua umbo la usomaji. Mtoto wa darasa la 6, 7 na 8 alisoma vifungu vifupi vya ufahamu vinavyofuatwa na maswali ya kuchagua, alikariri methali, tashbihi, vitate na majina ya makundi, na akaandika insha zilizopambwa kwa misamiati iliyohifadhiwa. Vitabu vya marudio vikashika rafu za maduka ya vitabu. Likizo nayo ikawa muhula wa nne kwa jina la masomo ya ziada, mpaka Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipoyakataza katika kifungu chake cha 37.

Maktaba zingeweza kuwa kimbilio. Bodi ya Huduma za Maktaba ya Taifa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, na matawi yake yakaenea taratibu. Mwaka 1996 ilianza kutumia ngamia kupeleka vitabu kwa jamii za wafugaji wa kaskazini mashariki, kuanzia Garissa. Jaribio hilo linasifiwa duniani kote, na linastahili sifa. Hata hivyo, ngamia hubeba kile kilichochapishwa. Ikiwa vitabu vya Kiswahili vya umri wa kati ni vichache, ngamia atafika navyo vichache.

7. Kwa nini lugha yenyewe inadai hadithi ndefu

Yawezekana kuulizwa kama upungufu huu una madhara ya kiisimu, au ni suala la starehe tu. Jibu limo katika muundo wa Kiswahili. Kwa watoto wengi wa Kenya, Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu, au ni lugha wanayoisikia katika sura ya mtaani. Mambo kadhaa ya Kiswahili Sanifu hayaonekani vizuri katika sentensi moja moja. Huonekana katika matini ndefu.

La kwanza ni kiambishi -ka- cha mfuatano. Katika zoezi, mtoto huelezwa kwamba -ka- hufuata -li-. Katika hadithi, huiona kazi yake: *Alifika kisimani, akateka maji, akajitwika mtungi, akarudi.* Msomaji huhisi mwendo, na pia huhisi pale msimulizi anapouvunja mwendo kwa -li- au -ki- ili kusimamisha jambo au kuonyesha lingine linaloendelea pembeni. Ustadi huo haufundishiki kwa kanuni peke yake.

La pili ni upatanisho wa ngeli unaovuka mipaka ya kishazi. Katika sentensi kama *Mtumbwi uliotengenezwa na babu ulipopasuka, hakuna aliyeuziba*, nomino imetajwa mara moja, kisha imebebwa na viambishi kadhaa. Katika matini ndefu nomino hiyo yaweza kubebwa hivyo kwa aya nzima. Mtoto aliyezoea vifungu vifupi hupoteza mshiko, na anapoandika hurudia nomino kila mara, au huangukia katika upatanisho mmoja wa jumla kwa vitu vyote.

La tatu ni urejeshi na masharti: -po-, -ye-, -lo-, -nge-, -ngali-. Hadithi ya siri haiwezi kusimuliwa bila masharti, kwa kuwa mpelelezi hufikiri kwa yale ambayo yangetokea. Insha ya mtihani yaweza kuandikwa bila hata moja. Ndiyo maana walimu wa vyuo vikuu wanaolalamika kwamba wanafunzi wao wa mwaka wa kwanza wanachanganya -nge- na -ngali-, au wanakwepa urejeshi kwa kurundika *ambaye* na *ambayo*, wangefaa kuitafuta asili ya tatizo katika miaka ya nyuma zaidi ya sekondari.

8. Ngazi ya kati imerudi

Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa nchini Kenya mwaka 2017 umeirudisha ngazi ya kati. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 waliingia Sekondari Msingi mwezi wa Januari mwaka huo huo, nao wakawekwa katika majengo ya shule za msingi. Kwa hiyo, baada ya karibu miaka 60, mtoto wa Kenya wa miaka 12 anavuka tena mlango wa shule ya kati, na anauvuka baada ya likizo ya mwisho wa mwaka.

Safari hii lugha haiachwi mlangoni. Kiswahili ni somo la lazima katika ngazi hiyo, na mtaala unataja kusoma kwa mapana kama stadi ya kufundishwa. Mtoto anatakiwa kujichagulia matini na kuzisoma kwa hiari. Hili ni jambo jipya katika historia iliyosimuliwa hapa, na wataalamu wa lugha hawana budi kulipokea kwa furaha.

Lakini historia hiyo hiyo inaonya. Kila mara muundo wa elimu ulipobadilishwa, vitabu vya kiada vilitangulia, na vitabu vya kusomwa kwa hiari vilifuata kwa kuchelewa au havikufuata kamwe. Ndivyo ilivyokuwa baada ya Beecher, baada ya Ominde na baada ya Mackay. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikinunua vitabu vya kiada na kuvipeleka shuleni moja kwa moja. Ni msaada mkubwa kwa wazazi, lakini pia humwambia mchapishaji mahali fedha zilipo. Hadithi za bure za mradi wa African Storybook, uliozinduliwa mwaka 2014, zimewafaa zaidi wasomaji wadogo. Msomaji wa Gredi ya 6 anayeingojea Gredi ya 7 bado yuko katikati ya mto.

9. Hitimisho

Mambo matatu yanajitokeza. La kwanza, mtoto wa kivukoni hajawahi kukosa hamu ya kusoma. Tafsiri za Johnson na visa vya Bwana Msa vinathibitisha kwamba alipopewa hadithi ndefu yenye mwendo aliisoma, hata ilipokuwa na kasoro kubwa ya maudhui. La pili, kupandishwa cheo kwa Kiswahili hakukuleta kwenyewe vitabu vya kusomwa kwa hiari. Mfano wa Tanzania kabla ya 1991 na wa Kenya chini ya 8-4-4 ni ushahidi. La tatu, ukosefu huo hauwaumizi watoto wote sawasawa. Mtoto wa nyumba yenye vitabu vya Kiingereza atasoma Kiingereza likizoni. Mtoto wa nyumba isiyo na vitabu hatasoma lugha yoyote, na Januari wataketi dawati moja. Aliyoyaona Heyns mjini Atlanta si ajabu ya ng'ambo.

Idara za lugha za Kiafrika zina sehemu yake katika jambo hili. Kwa miaka mingi zimehakiki riwaya, zimehariri tendi na zimetunga istilahi, lakini fasihi ya watoto wa umri wa kati imeachiwa wachapishaji na bahati. Uhakiki wa vitabu hivyo ungeweza kuwa kozi. Masimulizi yaliyokusanywa na wanafunzi wa fasihi simulizi kutoka kila pembe ya nchi, ambayo yamelala katika tasnifu, yangeweza kusimuliwa upya kwa Kiswahili kwa msomaji wa miaka 12, kwa urefu unaomtosha wiki mbili za likizo. Mwana Kupona alimwandikia binti mmoja, naye aliandika akijua umri wa msomaji wake na safari iliyokuwa mbele yake.